Nieleze Picha Yako: Somo kwa Walimu wa Kitui na Makueni

Na Daktari Wetu

Leo nawaomba walimu wasogee karibu na ukurasa huu, na wazazi nao wasiende mbali, kwa maana jambo tutakalolizungumzia huanzia nyumbani na kujitokeza darasani. Somo letu ni michoro ya watoto, na jinsi mwalimu anavyoweza kufunzwa kuitumia ili amsaidie mtoto kuzitambua hisia zake na kuishi vyema na wenzake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumu katika zahanati moja upande wa Kitui Kusini. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake, msichana wa miaka tisa. "Daktari," akasema, "tumbo halimwachi mtoto huyu. Nimezunguka nimechoka." Akafungua fundo la leso yake, akatoa kadi na vikaratasi vya maabara. Mtoto alikuwa ametibiwa minyoo mara mbili, amiba mara moja na taifodi mara tatu. Nikampima. Uzito wake ulilingana na umri wake, hakuwa na homa, choo hakikuwa na damu, na tumbo lilikuwa laini. Nikamwuliza bibi tumbo huuma siku zipi. Akafikiri kidogo, kisha akajibu: "Siku za shule. Jumatatu ndiyo mbaya zaidi. Jumamosi anacheza tu."

Mtoto mwenyewe hakutamka neno. Nikampa kalamu na upande mtupu wa fomu ya maabara ili ajishughulishe wakati nikizungumza na bibi yake. Akachora nyumba, mitungi mitatu ya maji, na kando ya nyumba sanduku jeusi lenye mtu ndani. Nilipoliona nilishtuka, nikauliza: "Hili ni jeneza? Nani amekufa?" Mtoto akaigeuza karatasi, akaifunika kwa mikono yote miwili. Mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Muuguzi niliyefanya kazi naye akaja, akachutama kando ya mtoto. Hakutaja jeneza. Alisema tu, kwa Kikamba, "Nieleze picha yako," kisha akanyamaza. Baada ya kimya kirefu mtoto akasema kwamba lile sanduku ni simu. Mwaitu, yaani mama yake, ndiye aliyekuwa ndani. Mama alifanya kazi Mombasa na alipiga simu kila Jumapili jioni. Na ile mitungi? Alikwenda kuchota maji mtoni kabla ya shule, akachelewa, na kila aliyechelewa alisimamishwa mbele ya darasa wenzake wakimcheka.

Msomaji mpendwa, mimi nilikuwa na shahada ya udaktari na sikupata lolote. Muuguzi alikuwa na swali lililo wazi na subira, akapata yote. Tofauti hiyo ndiyo somo letu la leo. Mwalimu anapofunzwa kutumia sanaa, jambo kubwa analojifunza si kuchora, bali ni kutazama, kuuliza na kungoja.

TUMBO HUSEMA MDOMO USICHOSEMA

Kisa hiki si kigeni kwa madaktari. Mwaka wa 1958, daktari wa watoto John Apley na mwenzake, wa Bristol, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule. Zaidi ya mtoto 1 kati ya 10 alikuwa na maumivu ya tumbo yanayorudi mara kwa mara, na kwa wengi wao hakuna ugonjwa wa kiungo uliopatikana. Apley alituachia kanuni ambayo wanafunzi wa udaktari hufundishwa hadi leo: kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo daktari anavyopaswa kuutafuta zaidi ugonjwa wa kiungo.

Je, mtoto huyu anasingizia? La, hasha. Ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa neva nyingi. Mtoto anapoingiwa na hofu, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hupiga mbio, na mwendo wa utumbo hubadilika. Utumbo hukaza, na neva zake hutuma ishara za maumivu hata pasipo kidonda. Maumivu ni ya kweli kabisa. Chanzo ndicho kilicho mahali pengine.

Hata hivyo, mzazi asikimbilie kusema kwamba ni mawazo tu. Mpeleke mtoto hospitalini upesi iwapo anapungua uzito, anatapika mara kwa mara, ana homa, choo kina damu, macho yamekuwa manjano, maumivu yanamwamsha usiku, au yameshika upande mmoja wa tumbo. Kwanza daktari ahakikishe hakuna ugonjwa, ndipo tuzungumze kuhusu hisia.

MZIGO WA MTOTO WA UKAMBANI

Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti 23 za Kenya zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Wakulima wa huko hutegemea zaidi mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba. Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya nchi. Ukame huo ulianza wakati watoto wengi walikuwa bado nyumbani kwa sababu ya Korona, kwani shule zilifungwa Machi 2020 na madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2021.

Mvua inapokosa, ng'ombe huuzwa, baba au mama huenda Nairobi au Mombasa kutafuta kibarua, na watoto hubaki na susu, yaani bibi. Mtoto hupewa kazi za mtu mzima. Huchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, huwalea wadogo zake, na usiku husikia wakubwa wakihesabu madeni. Serikali huhesabu magunia ya chakula cha msaada, lakini hofu ya mtoto haihesabiwi na mtu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walikuwa na dalili zinazotosha kuitwa ugonjwa. Madaktari wa akili nchini ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Ni nani basi amwonaye mtoto wa Mutomo au wa Kibwezi siku tano kwa juma? Ni mwalimu.

STADI TANO ZINAZOFUNZIKA

Wataalamu wa elimu wanakubali kwamba hisia na mahusiano ni mambo yanayofunzika kama kusoma na kuhesabu. Shirika la CASEL la Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1994, huyagawa katika stadi tano: kujitambua, kujitawala, kuwatambua wengine, kuishi vyema na wengine, na kufanya uamuzi wa busara. Mtaala wetu wa umilisi nao unataja mawasiliano na ushirikiano, kujiamini, ubunifu na uraia mwema kuwa sehemu ya kila somo.

Mwaka wa 2011, Joseph Durlak na wenzake walikusanya matokeo ya programu 213 za aina hii, zilizohusu wanafunzi zaidi ya 270,000. Kwa wastani, mtoto wa katikati aliyefunzwa stadi hizi alipanda nafasi 11 katika mstari wa watoto 100 wa alama za masomo. Jambo la kutia moyo ni kwamba walimu wa kawaida wa darasa waliziendesha vyema bila kuletewa mtaalamu. Ni kweli kwamba nyingi ya programu hizo zilikuwa za Marekani na hazikuhusu uchoraji pekee. Hata hivyo zinatuonyesha kwamba muda unaotumiwa kwa hisia haupotezi masomo.

KWA NINI MCHORO?

Mtoto wa miaka saba ana hisia nyingi kuliko maneno aliyo nayo. Isitoshe, katika jamii zetu mtoto hafunzwi kumweleza mkubwa yaliyo moyoni. Hufunzwa kusikiliza. Mchoro humpa mtoto na mkubwa kitu cha tatu cha kutazama pamoja, wala mtoto halazimiki kumtazama mwalimu usoni.

Mwaka wa 2005 watafiti wa shirika la Human Rights Watch, akiwemo daktari wa watoto Annie Sparrow, waliwahoji wakimbizi wa Darfur waliokuwa nchini Chad. Wakawapa watoto karatasi na kalamu za rangi ili watulie wakati wazazi wakihojiwa. Hakuna aliyewaambia wachore nini. Watoto wakachora vijiji vikiungua, ndege za vita na watu wenye bunduki.

Mfano mwingine ni wa mwalimu. Friedl Dicker-Brandeis alikuwa msanii Myahudi aliyefungwa na Wanazi katika kambi ya Terezín mwaka wa 1942. Humo aliwafundisha mamia ya watoto kuchora kwenye karatasi chakavu za ofisi. Hakuwalazimisha kuchora mateso yao. Wengi walichora maua, meza za chakula na njia za kurudi nyumbani, wakaandika majina yao wenyewe kwenye kazi zao. Aliuawa Auschwitz mwaka wa 1944, lakini michoro kama 4,500 iliyofichwa ndani ya masanduku ya safari ilisalimika. Kwa hiyo asiseme mwalimu kwamba hana vifaa.

Mwili nao hunufaika. Mwaka wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi ya sanaa. Takriban 3 kati ya kila 4 walipungukiwa na kotisoli mwilini, wawe mafundi wa kuchora au wasiwe. Ulikuwa utafiti mdogo, tena wa watu wazima, lakini unapatana na yale ambayo kila mwalimu wa chekechea ameyaona: darasa linalochora hutulia.

MWALIMU HAKUFUNZWA

Tusimlaumu mwalimu bure. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, sanaa, ufundi na muziki vilitahiniwa katika KCPE. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo hayo yaliondolewa kwenye mtihani huo, na kisichotahiniwa hakifundishwi. Vipindi vya sanaa vikawa vya hisabati. Walimu wengi wenye miaka 30 leo walipitia shule ya msingi bila kuguswa na rangi. Kisha mtaala wa umilisi ukaanza kote nchini mwaka wa 2019 na kuwarudishia sanaa mikononi, na mwaka wa 2024 ikaunganishwa na muziki na elimu ya viungo kuwa somo moja la ubunifu katika shule za msingi. Mwalimu anatakiwa kufundisha ambacho yeye hakufundishwa.

Ajabu ni kwamba haya yanatokea Ukambani, nchi ya mafundi. Uchongaji wa Wamunyu, ng'ambo ya mpaka wa Kitui upande wa Machakos, ulienezwa na Mutisya Munge, ambaye husimuliwa kwamba alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Viondo vya katani vya akina mama wa Kitui na Makueni vimefika masoko ya ng'ambo. Ufundi umejaa kijijini, lakini umeishia kwenye lango la shule.

HATUA TANO ZA KUMFUNZA MWALIMU

Zifuatazo ni hatua ambazo mwalimu mkuu, au afisa wa mtaala wa eneo lenu, anaweza kuziendesha na walimu kama ishirini kwa Jumamosi tano.

Hatua ya 1: Mwalimu achore kwanza.

Nilialikwa Jumamosi moja katika shule ya msingi huko Makueni. Walimu waliambiwa wachore siku moja ya utoto wao ambayo hawajaisahau. Kicheko kikazuka. "Daktari, mimi siwezi kuchora hata mbuzi," mmoja akanambia. Baada ya dakika kumi kicheko kilikuwa kimekwisha na kila mtu ameinamia karatasi yake. Mwalimu mmoja aliyekaribia kustaafu alichora fimbo na viganja viwili vya mikono. Zamu yake ya kueleza ilipofika aliikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni. Aliyeongoza mafunzo akamwambia, "Ni yako, mwalimu," akaenda kwa mwingine.

Wakati wa chai mzee huyo alinijia. "Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini," akasema, "na sijawahi kumruhusu mtoto akunje karatasi yake." Hakuna kitabu ambacho kingemfunza hilo upesi hivyo. Asiyewahi kuona haya mbele ya karatasi hawezi kuijua haya ya mtoto. Hapa pia ndipo walimu wakumbushane kwamba kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya mwili na mateso ya akili. Mtoto anayeogopa kuchapwa au kuchekwa atachora anachodhani mwalimu anakitaka.

Hatua ya 2: Kubadili maswali.

Walimu wakae wawili wawili, mmoja awe mtoto. Wajizoeze kuyaacha maswali haya: "Hiki ni nini?" "Mbona mbuzi wako ana miguu mitano?" "Nani alikwambia ng'ombe ni kijani?" Hata kusema "vizuri sana" kila mara hakufai, kwani mtoto huanza kuchora ili asifiwe.

Badala yake waseme: "Nieleze picha yako." "Ni nini kinachotendeka hapa?" "Huyu anahisije?" "Baada ya hapa kutatokea nini?" Au aseme anachokiona tu: "Naona umetumia nyekundu nyingi upande huu." Kisha ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema tena. Walimu wengi huniambia kwamba kuhesabu huko ndiko kugumu kuliko yote.

Hatua ya 3: Mazoezi matano kwa stadi tano.

Kila zoezi huchukua kama nusu saa, na laweza kufanywa na darasa la watoto hamsini.

(a) Kujitambua: Hali ya hewa ya moyoni. Kila mtoto achore anga ya moyo wake asubuhi hii. Hapa mwalimu awe mwangalifu na vitabu vya kigeni vinavyosema kwamba mvua ni huzuni na jua ni furaha. Kwa mtoto wa Kitui, wingu jeusi laweza kuwa ndiyo furaha yenyewe, na jua kali likawa njaa. Mwulize mwenyewe.

(b) Kujitawala: Mstari na pumzi. Nje, kwenye mchanga, mtoto achore kwa kidole mstari mrefu huku akivuta pumzi polepole, kisha aurudie akiishusha. Mara kumi zatosha. Hufaa sana kabla ya mtihani au baada ya ugomvi.

(c) Kuwatambua wengine: Picha ya gazetini. Mwalimu aonyeshe picha ya mtu kutoka gazeti kuukuu. Mtu huyu anahisi nini? Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Watoto watatofautiana, nao watajifunza kwamba sura moja yaweza kusomwa kwa namna nyingi.

(d) Kuishi vyema na wengine: Kijiji chenye kisima kimoja. Watoto wanne wapewe karatasi moja kubwa na kipande kimoja cha mkaa kila mmoja. Wachore kijiji ambacho kina kisima kimoja tu. Watalazimika kukubaliana kiwe wapi. Mwalimu asiamue. Darasa kubwa kidogo laweza kumwalika susu anayesuka kiondo awafunze, mmoja akishika nyuzi na mwenzake akisuka.

(e) Uamuzi wa busara: Picha tatu. Ya kwanza ionyeshe tatizo, mathalani rafiki ameniibia penseli. Ya pili, nikipigana itakuwaje. Ya tatu, nikifanya jambo jingine itakuwaje. Kisha mtoto achague njia moja na aeleze sababu.

Hatua ya 4: Vifaa vya bure na salama.

Mkaa wa jikoni hutoa nyeusi. Udongo mwekundu, ukichekechwa na kukorogwa na uji mwepesi wa unga, huwa rangi nzuri. Jivu hutoa kijivu, bizari hutoa manjano, na majani mabichi yakipondwa hutoa kijani. Kipande cha katani kilichopondwa ncha ni brashi tosha. Karatasi ni maboksi ya duka, pakiti za unga na migongo ya kalenda kuukuu.

Hapa nasema kama daktari. Watoto wasivunje betri kuukuu ili kupata rangi nyeusi, kwani mna kemikali zenye sumu. Wasitumie masalio ya rangi za nyumba, maana nyingine zina risasi inayodhuru ubongo. Mifuko ya simiti nayo huacha vumbi linalochoma macho na ngozi. Baada ya kazi, wote wanawe mikono. Mahali penye uhaba wa maji, beseni moja na sabuni kwa kila kundi zatosha.

Hatua ya 5: Kuijua mipaka.

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwani kosa langu la jeneza lilikuwa hapa. Mchoro si eksirei. Rangi nyeusi haimaanishi huzuni, pengine mkaa ndio uliokuwepo. Mtu asiye na mikono hamaanishi kwamba mtoto amepigwa. Tangu Florence Goodenough alipoanza kupima akili za watoto kwa michoro ya watu mwaka wa 1926, wengi wamejaribu kusoma siri za moyo katika kila mstari, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba usomaji wa namna hiyo hautegemeki. Mchoro hufungua mazungumzo. Jibu hutoka kwa mtoto.

Kwa sababu hiyo mwalimu asitoe alama kwa michoro ya hisia. Asiibandike ukutani bila ruhusa ya mtoto, na kamwe asiipige picha na kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp la walimu au la wazazi. Asimlazimishe mtoto kuchora msiba. Mtoto akilia, mwalimu akae naye, asiharakishe kumnyamazisha.

Kuna wakati wa kumwita mwingine. Ikiwa mtoto amejitenga, hali, halali vizuri, anakojoa kitandani baada ya kuacha, anapigana ovyo, au masomo yameporomoka, na hali hiyo imedumu juma mbili au zaidi, zungumza na mzazi kisha mpelekeni hospitalini. Mtoto akisema anataka kufa au kujidhuru, usingoje hata siku moja, wala usimwache peke yake. Na akikwambia kwamba anapigwa, anaguswa vibaya au ananyimwa chakula, usimhoji kama polisi, na usimwahidi kwamba utaficha siri. Mwambie, "Umefanya vyema kunieleza." Andika maneno yake jinsi alivyoyasema, kisha uarifu afisa wa watoto au polisi. Simu ya Childline Kenya, nambari 116, ni ya bure na hujibiwa usiku na mchana. Sheria ya Watoto ya 2022 iko upande wa mtoto.

MTOTO YULE ALIPONA?

Wasomaji watauliza yaliyompata yule msichana. Hatukumpa dawa yoyote. Muuguzi alikwenda shuleni kwake, akazungumza na mwalimu wa darasa, bila kuonyesha ile karatasi, kwa idhini ya mtoto na bibi. Mwalimu hakujua habari za maji. Akaacha kuwasimamisha waliochelewa, na bibi akapanga na jirani kuchota maji kwa zamu. Mama akaanza kupiga simu Jumatano pia. Tumbo halikunyamaza siku ile. Lilipungua taratibu, na muhula ule uliofuata bibi alikuja zahanati kwa ajili ya presha yake mwenyewe, akasema mtoto sasa hukosa shule mara chache. Mambo hayo yote yalifanywa na watu wa kawaida, mara tu walipoujua mzigo wenyewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mwalimu, kabla ya kukunja gazeti hili, jibu maswali haya. Mzazi, jibu nawe.

1. Taja dalili tatu za tumbo zinazohitaji daktari upesi, si mazungumzo peke yake.

2. Mtoto amekuonyesha duara jeusi lililojaza karatasi nzima. Utasema nini kwanza? Na baada ya hapo utanyamaza kwa muda gani?

3. Kwa nini wingu la mvua halina maana moja kwa watoto wote?

4. Ni mchoro gani usiofaa kubandikwa ukutani?

5. Katika darasa lako kuna mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu. Unajua anatoka nyumba gani, na amefanya kazi gani kabla ya kengele?

Ikiwa swali la tano limekushinda, usijilaumu. Kesho mpe mtoto huyo kipande cha mkaa na boksi tupu, kaa kando yake, na useme yale maneno matatu ya muuguzi wangu. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.